Lenzi ya kubana kwenye simu: nimeipima kwa nyigu wa dirishani kwangu

Lenzi hii niliinunua shilingi 1,500 kwenye duka la vifaa vya simu karibu na Barabara ya Digo, Mombasa, mwezi wa nne, siku ambayo mvua ya masika ilitusukuma sote tuingie ndani tujibanze. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mama, wapiga picha za vito?" Nikamwambia hapana, mimi fundi wa kushona, nataka kuona nyigu vizuri. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mamake pia ana vijumba vya udongo nyuma ya kabati na hawajui ni vya nani. Basi haya naandika kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye vijumba hivyo nyumbani.

Nashonea Kibokoni, Mji wa Kale, chumba cha chini chenye madirisha mawili ya mbao yanayotazama kichochoro. Juu ya fremu, nyuma ya pazia na kwenye pembe za boriti, kila mwaka nyigu hujenga vijumba vya udongo, mirija iliyolazwa pamoja kama vidole, kisha ikapakwa udongo mwingine juu hadi ikawa donge moja. Nilikuwa nikivibandua kwa kisu kila tukisafisha nyumba kuingojea Ramadhani. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hapendi. "Mwache, yuwajenga," akisema. "Hana haja nawe." Na kweli, miaka yote hiyo nimeshona chini yao, hajawahi kuniuma hata mmoja.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea biolojia chuo kikuu. Alikaa kwangu likizo moja, akatazama lile pazia siku tatu, akaniambia, "Shangazi, hawa si wa aina moja." Mimi kazi yangu ni viuno. Nikimwona mtu anaingia mlangoni najua kiuno chake inchi ngapi kabla ya kutoa futi. Mtu wa hapa akisifia umbo la mwanamke husema kiuno dondora, na nilidhani namjua dondora. Kumbe wadudu hawa wenye kiuno chembamba kama uzi, jamii wanayoiita Sphecidae, ni zaidi ya spishi 700 duniani, na tofauti za ndugu na ndugu ziko mahali ambapo jicho langu la miaka 56 halifiki bila msaada. Ndipo nikatafuta lenzi.

Ndani ya boksi mna lenzi tatu, klipu moja na kitambaa cha kufutia. Mbili kati ya hizo zitupe sandukuni mwa vifungo, zinapanua picha ya chumba na kuipinda tu. Ya tatu, ndogo nene, ndiyo ya kukuza, na ndiyo ninayoizungumzia. Boksi linasema inakuza mara 25. Niliilaza futi yangu ya kupimia nguo chini yake: upande wa skrini wenye upana wa milimita 68 uliingiza milimita 16. Hiyo ni mara nne na kidogo. Unaweza kuivuta picha zaidi kwa vidole na bado ikasomeka, lakini 25 hiyo sijaiona. Ingeandikwa ukweli ningeinunua vilevile, maana mara nne iliyo safi inatosha kazi nyingi nitakazozieleza.

Jaribio la kwanza lilikuwa nyigu aliyekufa mwenyewe kwenye kizingiti cha dirisha. Nilimweka juu ya karatasi nyeupe, kando yake nikalaza uzi mweusi wa cherehani. Kiunganishi kati ya kifua na tumbo, ambacho mtoto wetu ananifundisha kukiita kikonyo, kama kikonyo cha embe, kilikuwa na unene wa nyuzi mbili zilizolala pamoja. Urefu wake ulikaribia ule wa tumbo lenyewe. Rangi yake manjano safi mwanzo hadi mwisho, kama imechovywa kwenye rangi. Mwili uliobaki mweusi, na miguu imegawanyika, vipande vyeusi na vipande vya manjano. Huyu ndiye mjenzi wangu, Sceliphron spirifex, nyigu wa udongo wa Afrika anayepatikana pia Ulaya ya kusini.

Sasa hapa ndipo lenzi ilipofanya kazi ya thamani yake, na hapa nitakaa.

Kikonyo cha manjano peke yake hakikupi jina. Sceliphron ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, na lina spishi zaidi ya 30, na kadhaa zina kikonyo cha manjano. Kule Ulaya ya kusini huyu wetu huishi pamoja na ndugu yake aitwaye Sceliphron destillatorium, na ukiwaweka kwenye meza moja ukasimama hatua mbili, huwatofautishi. Tofauti iko kwenye kitu kidogo kinachofunika shina la bawa. Kitaalamu huitwa tegula, neno la Kilatini lenye maana ya kigae, na kweli kinakaa pale kama kigae cha paa. Destillatorium ana kigae cha manjano na kidoa cha manjano nyuma ya kifua. Spirifex kifua chake cheusi chote, na kigae pia.

Kigae hicho hakizidi milimita moja na kidogo. Nilipokitazama usiku, chini ya balbu yangu ya kushonea, kilinijia cha manjano. Nikaandika hivyo kwenye daftari. Asubuhi nikarudia dirishani, kwa mwanga wa jua, kikawa cheusi ti. Kumbe kigae kinang'aa, na kitu kinachong'aa hurudisha rangi ya taa. Mshonaji yeyote anayajua haya, ndiyo maana hatuchagui uzi wa kufuatana na kitambaa usiku, tunatoka nao nje. Lenzi haikudanganya, ila lenzi hizi za bei nafuu hazina taa yake, na mtengenezaji hakuandika popote kwamba mwanga ndio nusu ya kazi. Tangu siku hiyo napiga asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, dirisha la mashariki, na upande wa jua naweka kipande cha bitana nyeupe ili mwanga ulainike. Picha zikabadilika kabisa.

Kwa nini nijisumbue na destillatorium ambaye kwao ni Ulaya na Asia? Kwa sababu mji huu ni bandari. Nyigu hawa hujenga popote penye kivuli, ndani ya makontena, kwenye mashine, kwenye mbao, na kijumba kikavu husafiri na mzigo kikiwa na mtoto ndani. Sceliphron curvatum, mwekundumwekundu kutoka Asia, alionekana Austria mwaka 1979 na tangu hapo ameenea nchi nyingi za Ulaya. Yule wa Marekani, Sceliphron caementarium, naye amefika visiwa na mabara mbalimbali. Huyo kwa kawaida ni kinyume cha wetu: kikonyo cheusi, na manjano yake yako kifuani. Mtu anayekaa mita chache kutoka bandari ana sababu ya kukagua kigae. Mpaka leo kwangu nimekagua 23, wote vigae vyeusi, vikonyo vya manjano.

Sasa kosa langu, ambalo lenzi ina sehemu yake ya lawama. Mwezi wa sita, kusi imeshika, nilimwona nyigu mweusi kwenye donge la zamani, akiingia tundu ambalo mwenyewe alishatoka. Nilisubiri atulie, nikapiga picha ya nusu ya mbele. Sentimita mbili na nusu hazienei kwenye fremu ya milimita 16, kwa hiyo nyigu mzima anahitaji picha mbili au tatu. Kwenye picha mgongo na ukingo wa mabawa ulikuwa na buluu inayopendeza. Nikafurahi, nikaandika: nyigu wa buluu, Chalybion. Nikamtumia mtoto wetu. Jibu lake lilikuwa swali moja: "Shangazi, kikonyo kiko wapi?"

Sikuwa nacho. Kilikuwa nje ya fremu. Siku ya pili nilimpata yuleyule, nikapiga nyuma, kikonyo kikatoka manjano kama yai. Alikuwa spirifex wa kawaida anayekagua nyumba kuukuu. Buluu ile ilitoka kwenye lenzi: pembeni mwa picha hutia mstari wa zambarau na buluu kuzunguka kila kitu cheusi. Jaribu na kifungo cheusi utauona. Katikati ya picha rangi ni ya kweli, ukingoni si ya kuaminika. Ningekuwa mtengenezaji ningeyaandika hayo kwa herufi kubwa.

Na Chalybion wa kweli nilimpata wiki tano baadaye, dongeni hapohapo. Niliujua uwongo wa lenzi kwa hiyo nilimleta katikati ya fremu kabla ya kuamini chochote. Buluu ya huyu ni ya mwili wote, kichwa, kifua, kikonyo, tumbo, buluu ya chuma kilichopitishwa motoni, na ukigeuza simu kidogo inatembea juu ya mwili kama hariri inavyogeuka mkononi. Mstari wa lenzi hautembei, unabaki pembeni palepale. Miguu yake ya nyuma ilikuwa na wekundu. Jenasi ya Chalybion hutumia matundu yaliyokwisha kuwapo, pamoja na vijumba vilivyoachwa na Sceliphron, ndiyo maana donge langu moja lilikuwa na wapangaji wawili. Wote wawili ni wawindaji wa buibui. Mke huwachoma wakapooza bila kufa, akawapakia ndani pamoja na yai lake, akaziba. Nilifungua mrija mmoja ulioanguka wenyewe, nikakuta buibui 11 wamebanwa kama nguo kwenye sanduku la safari, miguu bado inatikisika kidogo. Picha hiyo ni bora kuliko zote nilizopiga kwa lenzi hii, hata vinyweleo vya miguu vinaonekana.

Kuhusu mke na mume. Vipapasio vya mke vina pingili 12, vya mume 13, na mume hana mwiba wala hagusi udongo. Kuhesabu pingili kwa lenzi hii kunawezekana, ila pana mtego. Pingili ya kwanza ni ndefu, ya pili ni ndogo kama shanga iliyojificha kwenye kiungo. Ukiiruka, mume anakuwa mke kwenye daftari lako. Mimi nahesabu kama ninavyohesabu matundu ya kofia ya kazi ya mkono: naweka ncha ya sindano kwenye kila moja, natamka, nasonga. Kipapasio kikikunjika, piga picha pande mbili. Ukipata 12 mara tatu mfululizo, andika mke.

Palipo na mchanga lenzi ilinishinda mwanzoni. Nilikwenda Shanzu kuwatafuta Ammophila, wale wenye kiuno kirefu kupita wote, wanaochimba mashimo mchangani na kuyajaza viwavi badala ya buibui. Lenzi hii inataka uwe umbali wa sentimita mbili hivi. Ammophila aliye macho hakungoji hata mita moja. Niliwafuata kutwa jua likiniwakia utosini, nikarudi na picha za mchanga. Mtoto wetu akaniambia nirudi alfajiri, kwa sababu hulala wameng'ata kijiti kwa mataya, mwili umenyooka kando kama tawi kavu. Nilipanda matatu ya kwanza, na kabla jua halijapanda nilimkuta mmoja kwenye bua la nyasi, ana umande. Nilimpiga picha 40, hakutikisika. Kikonyo chake kinaonekana wazi kina vipande viwili virefu vilivyounganishwa, kisha tumbo linanenepa polepole na mwanzo wake una wekundu. Ndugu yake wa karibu, Podalonia, ana kipande kimoja tu na tumbo linavimba ghafla baada yake. Kwa kutenganisha jenasi hizo mbili lenzi inatosha na kubaki.

Lakini kumpa Ammophila jina la spishi ni habari nyingine. Ziko zaidi ya 200 duniani. Hata Uingereza, ambako kuna mbili tu, Ammophila sabulosa na Ammophila pubescens, hutazamwa chumba kimoja kidogo cha bawa, nafasi iliyozungukwa na mishipa, kama kimekaa juu ya kijiti cha mshipa au la. Bawa la nyigu aliyekufa, likilazwa juu ya karatasi nyeupe, lenzi inalionyesha vizuri, mishipa yote kama ramani ya vichochoro vya Mji wa Kale. Bawa la aliye hai halionyeshi. Mimi siui nyigu kwa ajili ya jina. Wa Shanzu niliandika Ammophila, nikaishia hapo.

Wengi watanunua lenzi hii wakidhani kila mjenzi wa udongo ni jamii moja, basi niseme upesi. Ukikuta chungu kidogo chenye shingo, kama mtungi, huyo ni nyigu mfinyanzi wa jamii ya manyigu wa kawaida, hata kama kiuno chake ni chembamba. Akitua hukunja mabawa kwa urefu, yanakuwa membamba kama kanga iliyokunjwa. Jicho lake lina pengo kwa ndani mfano wa figo, na lenzi inalionyesha. Sceliphron hakunji, na jicho lake halina pengo.

Sasa ubora wa kifaa chenyewe. Kioo ni kizuri, sijaona mkwaruzo baada ya miezi saba. Klipu ni dhaifu. Chumvi ya hewa ya hapa ilianza kula springi mwezi wa pili tangu niinunue, na sasa inalia kila nikiifungua. Naipaka mafuta ya cherehani tone moja kila Ijumaa na imeacha kuzidi kuoza. Lazima uvue kava la simu, la sivyo inateleza. Kama simu yako ina kamera tatu, ina tabia ya kuhama kamera yenyewe ukisogea karibu, ukajikuta unatazama upande wa klipu. Zima jambo hilo kwenye mipangilio kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, mimi nilirudi dukani bure na yule kijana ndiye aliyenionyesha, kwa upole, huku wateja wakisubiri. Wakati wa kusi kioo hushika unyevu ukitoka chumbani kwenda nje, subiri dakika tano.

Jirani yangu, sonara aliyestaafu, aliniazima kioo chake cha jichoni, kinachokuza mara kumi. Hicho hakitii buluu popote, kigae cheusi ni cheusi kona zote. Kwa kumtazama nyigu mfu ni bora mara nyingi kuliko lenzi yangu. Lakini hakipigi picha, na bila picha simpelekei mtu swali. Navitumia vyote viwili: kioo cha sonara kwa kuamua rangi, lenzi ya simu kwa kuweka ushahidi.

Kwa shilingi 1,500 inunue, hasa kama una watoto wanaosoma. Usilipe zaidi kwa seti yenye lenzi kumi. Fedha iliyobaki nunua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwa sababu nyigu aliyeingia ndani ya nyumba akikaa kwenye friji dakika chache ndani ya chupa hutulia, unapata picha, kisha unamfungulia dirishani akipata joto. Mimi chupa yangu nimeiandikia "si ya achari" ili mtu asije akakosea.

Jana alasiri mke mmoja ameanza mrija mpya juu ya pazia la kushoto. Akipaka udongo hutetemesha mwili, sauti yake nyembamba naisikia hata cherehani ikienda. Kigae nimekiona: cheusi. Pazia hilo sitalifua mpaka amalize.